Zusha! Basi la Masafa Marefu na Kimya cha Abiria

Kila basi linapopinduka humu nchini, kuna msemo ambao hufika kabla hata ya gari la wagonjwa: ajali haina kinga. Waliofiwa huusema kwa kujiliwaza, viongozi huusema kwa kukosa la kusema, nao watangazaji huutia katika taarifa zao kana kwamba ni sehemu ya habari yenyewe. Si nia ya makala haya kuwanyang'anya waliofiwa faraja yao. Hata hivyo, msemo huo una hila ndani yake. Humfanya abiria kuwa mzigo uliopakiwa Nairobi na kusubiriwa kupakuliwa Mombasa, mzigo usioweza kutenda wala kusema lolote kati ya miji hiyo miwili.

Makala haya yanashikilia kwamba basi la masafa marefu nchini Kenya limeboreka kwa mambo mengi katika kipindi cha miaka ishirini na zaidi iliyopita, lakini limepoteza jambo moja ambalo halikuwekewa kanuni wala faini, nalo ni sauti ya abiria. Kwa kuwa sauti hiyo ilitoka kwa Kiswahili, na haina lugha nyingine ya kutokea, suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Matatu za mijini zimepata wanazuoni wake, akiwemo Mbũgua wa Mũngai aliyeuchunguza kwa kina utamaduni wa vijana wanaozihudumia, na Sheng ya makanga imeandikiwa tasnifu. Basi la usiku, linalobeba watu wazima waliochoka, halijabahatika kutazamwa kwa kiasi hicho.

Anayetaka kuelewa kilichopotea hana budi kuikumbuka safari ya Nairobi na Mombasa, takriban kilomita 480, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 2004. Abiria alianza safari katika kituo cha Machakos au katika ofisi za kampuni zilizotapakaa River Road na Accra Road. Manamba walimvuta mkono huyu na kunyakua mkoba wa yule. Utingo alikuwa juu ya paa akifunga magunia, magodoro na matenga ya kuku. Na nauli, hata ilipokuwa imeandikwa ubaoni, iliafikiwa kwa maneno. Basi lilipofika Athi River abiria walikuwa wamekwisha kujuana. Ilijulikana ni nani aliyekuwa akienda mazishini, ni nani aliyeitiwa kibarua bandarini, na ni mtoto wa nani aliyekuwa akitapika. Mkamba, Mluo, Mkikuyu na Mtaita walioketi katika safu moja hawakuwa na lugha nyingine ya kuulizana hali ila Kiswahili, kila mmoja akikitamka kwa lafudhi ya kwao. Mtito Andei, karibu nusu ya safari, walishuka pamoja, wakanywa chai pamoja, na wakahesabiana kabla ya kuondoka ili asiachwe mtu. Alfajiri walipoteremka Mwembe Tayari walipokelewa na wauza kahawa na mahamri kwa Kiswahili ambacho wengi wao walikuwa wamekisikia redioni tu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kujuana huko kulikuwa na kazi. Dereva alipozidisha mwendo kwenye mteremko, sauti ilianzia nyuma: "Dereva, punguza! Tuna watoto humu!" Ikaitikiwa katikati, ikafika mbele imekuwa ya basi zima. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua hali hiyo mara moja, kwani hadhira iliyokwisha kuwa moja haimwachi fanani afanye apendavyo. Dereva alinung'unika, pengine akajibu kwa kejeli, lakini aghalabu aliondoa mguu.

Isidhaniwe kwamba basi hilo la zamani lilikuwa salama. Lilijazwa kupita kiasi, abiria wengine walisafiri wima usiku kucha, halikuwa na mikanda, na mara nyingi halikuwa na breki za kuaminika. Kulililia basi hilo ni kuwasahau waliofia ndani yake. Ndiyo maana kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizotangazwa Oktoba 2003 na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, zilipokelewa kwa shangwe na abiria ingawa wenye magari walizipinga kwa mgomo. Kila abiria alipata kiti na mkanda wake. Kusimama kulikatazwa. Kidhibiti mwendo kiliwekwa ili gari lisizidi kilomita 80 kwa saa, nao madereva na makondakta wakavishwa sare. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka mambo hayo yarudishwe nyuma.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kimyakimya. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, haikuwa muda mrefu kabla ya nauli kulipwa kwa simu, na baadaye kiti chenyewe kikachaguliwa kwa simu, mbali na manamba na mbali na msafiri mwingine yeyote. Mabasi yakawekwa runinga, na kwa muda filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng za mtindo wa DJ Afro ziliwapa abiria kitu cha kuchekea pamoja. Siku hizi hata kicheko hicho kimekwisha, kwa maana kila abiria ana filamu yake kiganjani na vipokea sauti masikioni. Katika mabasi ya hali ya juu dereva ametengwa kwa ukuta na mlango. Watu 50 husafiri usiku kucha, wakashuka asubuhi bila mmoja kujua jina la mwenzake. Starehe imeongezeka, na hakuna ubaya katika starehe, ila imeletwa na upweke.

Halafu ikaja reli. Garimoshi la SGR lilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017 likiwa na nauli ya shilingi 700 katika daraja la kawaida, ambayo baadaye ilipanda hadi 1,000 na kufikishwa 1,500 Januari 2024. Wengi wa wale waliokuwa na sauti ya kusikilizwa, yaani watumishi wa serikali, wafanyakazi wa benki, wahadhiri na watalii wa ndani, walihamia huko. Garimoshi halikuliua basi, lakini lilichuja abiria wake. Aliyebaki basini ni yule aendaye Malindi au Lamu, Busia au Kakamega, mahali ambapo reli hiyo haifiki. Ni mwenye mizigo mingi. Ni yule asiyeona faida ya kulipia gari jingine kutoka Miritini au Syokimau. Na ni yule anayesafiri usiku kwa sababu mchana ana kazi. Safari ya usiku si anasa. Mchuuzi apandaye basi Kisumu jioni hufika Nairobi alfajiri, akanunua bidhaa zake Gikomba au Kamukunji mchana, na jioni akawa njiani kurudi. Amelala mara mbili bila kulipia chumba hata kimoja.

Mtu huyo ndiye ambaye serikali humwamulia kila baada ya maafa. Agosti 2013 basi lilianguka Ntulele, Narok, likaua watu 41. Mabasi ya usiku yakatakiwa kuwa na leseni maalumu. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Siku hiyohiyo Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ikapiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria, kisha marufuku hayo yakaondolewa mwaka 2018. Oktoba mwaka huohuo basi lililotoka Nairobi kuelekea Kakamega lilipinduka Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50. Kafyu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021, ilizuia usiku kwa sababu nyingine kabisa. Julai 2022 basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Katika miaka ya hivi karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa watembea kwa miguu na waendeshaji bodaboda. Lakini ni basi linaloanguka ambalo huleta amri mpya. Na ukizisoma amri zote hizo utaona zinazungumza na dereva, na mwenye gari, na polisi, na hata na saa ya ukutani. Abiria huambiwa afunge mkanda, basi.

Hata hivyo, upo ushahidi kwamba sauti ya abiria ina thamani inayoweza kuhesabiwa, na ushahidi huo ulipatikana humu humu nchini. Katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliandaa vibandiko vilivyowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo. Vilibandikwa ndani ya matatu za masafa marefu zaidi ya 1,000, mahali ambapo abiria angeviona akiwa kitini. Gari lililopata vibandiko na lile lisilopata yaliamuliwa kwa bahati nasibu, ili pasiwe na upendeleo, nao madereva walioviacha mahali pake wakapewa nafasi ya kushinda zawadi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Madai ya bima katika magari yenye vibandiko yalipungua kwa kati ya nusu na thuluthi mbili. Barabara ilikuwa ileile, polisi walewale na madereva walewale. Kilichoongezeka ni karatasi chache zenye gundi na idhini ya kusema.

Kampeni iliyotokana na utafiti huo ilipewa jina la Kiswahili: Zusha! Wanaisimu hawajalishughulikia neno hilo inavyostahili. Kimofolojia halina fumbo, kwani zuka huzaa zusha kama anguka inavyozaa angusha na amka inavyozaa amsha. Fumbo liko katika maana. Katika matumizi ya kawaida mtu huzusha fujo, huzusha uvumi, huzusha ugomvi. Mzushi ni mwongo, na uzushi ni upotofu katika dini. Neno hilo lilikuwa na sifa mbaya tangu zamani, na waliolichagua walilichukua pamoja na sifa yake, wakalitia alama ya mshangao na kuligeuza kuwa wajibu wa raia. Kwa hakika walielewa jambo ambalo watungaji wa kanuni hawakulielewa. Abiria wa Kenya hanyamazi kwa kutojua kwamba mwendo ni wa hatari. Hunyamaza kwa kuogopa kuonekana mzushi.

Hapa ndipo adabu ya lugha inapoingia, na hapa ndipo Idara za Kiswahili zina la kufundisha. Si kila tamko humpunguza dereva mwendo. Kijana anayepaza sauti akisema "Wee dereva!" huamsha kiburi cha dereva, na mara nyingi basi zima humgeukia kijana huyo: kama una haraka ya kuogopa, shuka. Mama mtu mzima akisema, "Mwanangu, tupeleke polepole, nyumbani tumeacha watoto," dereva hana jibu, kwa sababu amekwisha kufanywa mtoto wa mtu. Kati ya hao wawili yuko yule asemaye, "Kaka, tupunguzie kidogo." Katika neno hilo moja, kauli ya kutendea imemgeuza dereva kutoka mtuhumiwa hadi mfadhili, kiambishi tu- kimeleta basi zima nyuma ya msemaji, na kidogo imempa dereva njia ya kukubali bila aibu. Nadharia za upole katika mazungumzo hufundishwa kwa mifano ya karamu za Wazungu wakiombana chumvi, ilhali mfano huu unapita Mtito Andei kila usiku.

Yafaa pia kutazama ni lugha gani huandikwa ndani ya basi na kwa kazi gani. Ukutani huandikwa kwa Kiswahili: Abiria chunga mzigo wako. Usitoe kichwa dirishani. Katika baadhi ya mabasi huongezwa: Usizungumze na dereva. Nyuma ya tikiti, kwa herufi ndogo, masharti ya safari aghalabu huandikwa kwa Kiingereza peke yake, na humo ndimo kampuni inapojivua lawama ya mzigo uliopotea, ya kuchelewa na ya mengineyo. Kwa maneno mengine, Kiswahili hutumiwa kumwamrisha abiria na Kiingereza hutumiwa kumnyima haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Ni vigumu kuona jinsi maelezo yaliyoandikwa katika lugha asiyoisoma mnunuzi yanavyotimiza haki hiyo. Wasomi wa Kiswahili wamepigania lugha hii bungeni na mahakamani, na ni vyema. Lakini tikiti ya shilingi elfu moja na mia kadhaa imesomwa na watu wengi zaidi kuliko Kumbukumbu za Bunge.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba abiria wenyewe ndio humchochea dereva, na hilo ni kweli. Kila aliyesafiri mkesha wa Krismasi amesikia, "Dereva, hata mikokoteni inatupita!" Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba dereva husikia. Wengine watasema kwamba abiria anayelalamika anaweza kushushwa njiani usiku, mbali na mji wowote, na hilo pia ni kweli, hasa kwa mwanamke asafiriye peke yake. Ndiyo sababu sauti ya mtu mmoja haitoshi, na ndiyo sababu utafiti wa Habyarimana na Jack hauwezi kuhamishwa mzimamzima. Ulifanywa katika matatu za abiria 14, ambamo aliye kiti cha mwisho anaweza kusikiwa na dereva bila kupiga kelele. Katika basi la watu 50 lenye ukuta nyuma ya dereva pana haja ya wengi kusema, na wengi hawasemi ila wamekwisha kusemezana.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba kumtwika abiria wajibu wa kuzusha ni kuiondolea serikali mzigo wake. Makala haya hayakubali abiria awe polisi. Vidhibiti mwendo huchezewa, na kuvikagua si kazi ya mchuuzi wa Gikomba. Barabara iliyo na kona ya mauti kama ya Nithi huhitaji mhandisi. Lakini mkaguzi hayumo garini saa nane za usiku, na mhandisi hayumo. Aliyemo ni abiria, na kabla hajazusha anahitaji kujua la kuzusha.

Chukua mfano mmoja. Sheria ya Trafiki, kufuatia marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kipindi cha saa 24. Kutoka Mombasa hadi Busia ni zaidi ya kilomita 900. Dereva akienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama hata kunywa maji, saa 8 zitamfikisha kilomita 640, yaani zitamwishia Bonde la Ufa. Kwa hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, basi hilo haliwezi kufika Busia kihalali likiwa na dereva mmoja. Abiria wangapi wanaijua sheria hiyo? Imeandikwa kwa Kiingereza, iko katika kitabu ambacho hakiuzwi kituoni, na hakuna kampuni inayolazimishwa kuitaja.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu huandaa makongamano kila mwaka, hushindanisha mashairi na hutembelea shule za upili kutoa mihadhara. Wanachama wake huenda katika makongamano hayo kwa mabasi haya haya. Tafsiri ya masharti yaliyo nyuma ya tikiti ni kazi ya alasiri moja kwa darasa la tafsiri la mwaka wa tatu, na kampuni itakayokubali kuyachapisha haitagharimika zaidi ya bei ya wino. Nafasi ikibaki chini ya masharti hayo, iwekwe mistari miwili kwa herufi zinazosomeka: majina ya madereva wote wawili wa safari hiyo, na mji watakapobadilishana usukani. Basi litakapofika mji huo na mtu wa pili asionekane, mwenye tikiti atakuwa na swali la kuuliza kwa sauti, na jirani yake, mwenye tikiti kama hiyo, ataitoa mfukoni na kuvua vipokea sauti.